Ruta mbili nyumba moja, na saa mbili usiku kikao kinaganda

Swali: Habari za kazi, fundi. Nakaa Tabata Segerea, nyumba ya ghorofa moja. Kampuni ya intaneti ilitufungia faiba, kifurushi cha megabiti 20, kisanduku chake kiko sebuleni. Juu waifai ilikuwa haifiki, nikanunua ruta nyingine Kariakoo na fundi umeme akavuta kebo mpaka chumbani. Sasa inafika, lakini kuanzia saa mbili usiku vikao vyangu vya video vinaganda, printa iliyoko chini siioni nikiwa juu, na kamera ya getini siwezi kuiangalia nikiwa kazini. Kijana wa jirani kaniambia niingie kwenye "Advanced" nibadilishe chaneli, niongeze nguvu ya antena, nifungue DMZ na niweke DNS ya Google. Nimeingia, nimekuta vitu chungu nzima. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, dada. Umeeleza matatizo matatu, na ingawa yote yako chini ya paa moja, kila moja lina chanzo chake. Printa haionekani kwa sababu ruta zako mbili zimekutengenezea mitandao miwili isiyojuana. Kikao kinaganda saa ambayo watu wote wamerudi nyumbani, kwa hiyo ninachokishuku kwanza ni foleni ya data inayotoka kwako kwenda nje, wala si waifai dhaifu. Kamera ni suala la anwani ya IP. Katika yale manne ya jirani, chaneli ndiyo pekee ningeigusa. Nguvu ya antena haitakusaidia, DNS haihusiani na kuganda, na DMZ nakuomba usiifungue kabisa. Sababu nitazieleza njiani.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Chukua laptopu, izime waifai, ichomeke kwa kebo moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba sebuleni, kisha pima kasi mara mbili: mchana nyumba ikiwa tupu, na saa mbili usiku wote wakiwepo. Halafu panda chumbani upime kwa waifai. Ukipata megabiti 18 au 19 kwa kebo na 4 kwa waifai, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba yako. Ukipata 4 hata kwa kebo, na umehakikisha hakuna mtu mwingine anayetumia, tatizo liko kwa kampuni au mbele yake, na hakuna kitufe ndani ya ruta kitakacholitibu. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti ilizorota nchi nzima, na bado kuna watu walikesha wakibadilisha mipangilio ya ruta zao.

Angalizo dogo kuhusu namba hizo. Megabiti 20 si megabaiti 20. Gawanya kwa nane: faili likishuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, unapata chote ulicholipia. Wateja wengi hupiga simu kulalamika wakiwa wanahudumiwa sawasawa.

Kipimo cha pili ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kitakachotuambia habari ya saa mbili usiku. Kwenye laptopu fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8 -t kama ni Windows, uache iendelee. Tazama milisekunde zinazorudi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Sasa chukua simu iliyounganishwa na waifai hiyohiyo, pakia video kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ikiwa namba ilikuwa 20 ikaruka mpaka 400 au 800 wakati video inapanda, tumempata mhalifu.

Kinachotokea ni hiki. Kikao cha video cha watu wawili kwa ubora wa 720p hakihitaji hata megabiti 2, kwa hiyo kifurushi chako kinatosha na kinabaki. Lakini simu za siku hizi zinahifadhi picha mtandaoni zenyewe, na nyingi zimepangwa zisubiri waifai. Watu watatu wanarudi jioni na picha na video za siku nzima, simu zinaikuta waifai, zinaanza kupakia zote kwa pamoja. Kisanduku cha faiba hakitupi data iliyozidi. Kinaipanga kwenye foleni ndefu. Pakiti za sauti yako nazo zinaingia nyuma ya foleni hiyo, na wenzako kwenye kikao wanakusikia ukikatika ingawa ukipima kasi ya kupakua unaona kila kitu kizuri. Mhandisi Jim Gettys ndiye aliyelipigia kelele tatizo hili tangu mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kulidhibiti iitwayo CoDel, ambayo leo imo ndani ya ruta nyingi nzuri.

Dawa yake kwenye ruta huitwa QoS, yaani kuipanga data ili ya muhimu itangulie, au SQM kwenye ruta za hali ya juu kidogo. Siri ya QoS ni kwamba lazima uiambie ruta kasi iliyo pungufu kidogo ya ile halisi. Ukiwa umepima 19 kupanda na 19 kushuka, andika 17 na 17. Unapoteza megabiti mbili, ila foleni sasa inajengeka ndani ya ruta yako, ambayo inajua kupanga, badala ya kujengeka mahali usipopatawala. Ukiandika 100 kwa sababu unadhani namba kubwa ni bora, QoS haitafanya kazi yoyote. Kama ruta inakuuliza kifaa gani kipewe kipaumbele, ipe laptopu yako ya kazi na uishie hapo. Ukivipa vifaa sita kipaumbele, hakuna chenye kipaumbele.

Ila nakushauri uanze nje ya ruta, bila gharama. Ingia kwenye simu ya kila mtu, kwenye programu ya picha, uzuie kuhifadhi picha mtandaoni kwa wiki moja, au wawe wanaiwasha wenyewe wakienda kulala. Kikao kikitulia, umeshajua chanzo, na pengine hutahitaji QoS kabisa. Visanduku vingi vya faiba vinavyoletwa na kampuni vina QoS dhaifu, au imefungwa ili mteja asiifikie.

Sasa twende kwenye printa, kwa sababu marekebisho yake ndiyo yatakayotengeneza msingi wa mengine. Fundi wako alichomeka kebo kutoka sebuleni kwenye tundu la WAN la ruta ya pili, lile la kuingizia intaneti kutoka nje. Ruta ya pili ikadhani yenyewe ndiyo bosi: ikaanza kugawa anwani zake na kuweka ukuta kati ya juu na chini. Laptopu ikiwa juu iko upande mmoja wa ukuta, printa upande wa pili. Uhakikishe hivi: fungua ukurasa wa hali ya ruta ya pili, usome anwani ya WAN. Ikianza na 192.168, ujue imeipata kutoka kwa ruta nyingine, wala si kutoka kwa kampuni. Ukuta huohuo ndio unaowafanya watoto wenye konsoli ya gemu waambiwe NAT yao, yaani ubadilishaji wa anwani unaofanywa na ruta, ni kali.

Unachotaka ni ruta ya pili iache ubosi, ibaki kuwa kituo cha waifai tu. Ruta nyingi zinazouzwa sasa zina modi ya AP, ndiyo hiyo ya kituo cha waifai. Ukiiona, ichague, ruta ijizime na kuwaka, kazi imekwisha. Kama haina, fanya kwa mkono, na fuata mpangilio huu maana ukiuchanganya utajifungia nje. Ichomoe kwanza kebo inayotoka sebuleni. Unganisha laptopu na ruta ya pili peke yake, ingia kwa anwani iliyobandikwa chini yake. Badilisha anwani yake ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani, ilandane na ya kisanduku cha sebuleni isipokuwa namba ya mwisho: kama cha sebuleni ni 192.168.1.1, hii iite 192.168.1.2, kama cha sebuleni ni 192.168.100.1, iite 192.168.100.2. Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya. Ndipo uzime DHCP, ile huduma ya kugawa anwani. Mwisho rudisha kebo, lakini safari hii kwenye tundu mojawapo la LAN, ile ya WAN ibaki wazi. Kwenye kisanduku cha sebuleni hakikisha DHCP inagawa kuanzia 100 kwenda juu, ili isije ikampa mtu mwingine ile namba 2.

Ruta zote mbili zipe jina moja la waifai na neno la siri moja, chaneli tofauti. Simu itahama yenyewe ukipanda ngazi. Simu nyingine ni king'ang'anizi, itashikilia ya chini mpaka ishara iishe kabisa. Hilo ni tabia ya simu, usiitafutie dawa kwenye ruta.

Onyo moja zito hapa. Lile tundu dogo la kuchokonoa kwa pini nyuma ya kisanduku cha faiba usiliguse. Kwenye ruta ya Kariakoo ukilibonyeza unarudi mwanzo na unaanza upya. Kwenye kisanduku cha kampuni unaweza kufuta jina na neno la siri (PPPoE) na namba ya njia (VLAN) vya kuingilia kwenye mtandao wa kampuni, vilivyowekwa na mafundi wao, na hapo unakaa bila intaneti mpaka waje. Vilevile kwenye ukurasa wake wa WAN tazama tu, usiandike. Kabla ya yote, piga picha kila ukurasa utakaoubadilisha. Kama kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, pakua nakala.

Hiyo kebo yenyewe iangalie pia. Mjini zimejaa kebo za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zinafanya kazi, lakini zinavunjika upesi kwenye kona na hupoteza ishara ikiwa ndefu. Na wapo mafundi wanaobana waya nne tu kati ya nane. Ukiona ruta inaandika kiungo ni cha 100 badala ya 1000, hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kwa megabiti 20 haikuumizi leo. Ukipandisha kifurushi kupita 100, itakuuma.

Sasa hewa. Mitaa kama Tabata, Sinza au Mwananyamala nyumba zimebanana, ukifungua orodha ya waifai unaona majina ya majirani kibao. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli 13, lakini kila moja imepishana na inayofuata kwa megahezi 5 tu, wakati matangazo yenyewe yanachukua 20. Ndiyo maana chaneli zisizogongana ni tatu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuchunguza waifai kwenye simu ya Android, tazama ipi kati ya hizo tatu ina majirani wachache au walio dhaifu, uichague. Usidanganyike na chaneli 3 au 4 ambayo inaonekana haina mtu. Ruta zikiwa kwenye chaneli moja zinasikilizana na kupokezana zamu. Ukikaa katikati, za pande zote mbili zinakuwa kelele kwako na wewe unakuwa kelele kwao. Upana wa chaneli kwenye bendi hii uweke 20 MHz. Uchaguzi wa 40 unaonekana kama utaongeza kasi, lakini mtaani kwetu unaongeza migongano tu.

Bendi ya 5 GHz ndiyo ya kazi yako. Ina nafasi tele, na upana wa 80 MHz unafaa. Anza na chaneli 36 au 149. Zile za katikati, kuanzia 52 mpaka 144, ni lazima ruta izipishe rada: ikisikia kitu kinachofanana na rada inahama ghafla, na kabla ya kurusha kwenye chaneli mpya ya kundi hilo inasikiliza kwa dakika moja au zaidi. Ukiwa katikati ya kikao, dakika moja ni ndefu. Kwenye nchi chagua Tanzania. Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukichagua Marekani ruta inapata nguvu. Achana nao, unajiweka kwenye masafa na nguvu ambazo hazikupangwa kwa ajili ya hapa.

Udhaifu wa 5 GHz ni kuta. Tofali za saruji zinainyonya, zege la ghorofa lenye nondo ndiyo kabisa, na maji nayo hunyonya waifai ya bendi zote, kwa hiyo usiiweke ruta upande ambao simtanki liko kati yake na chumba chako. Kwako umeshatatua hilo kwa kuvuta kebo, na ulifanya vizuri kuliko wale wanaonunua vipaza ishara visivyo na waya, ambavyo vingi hugawa kasi nusu kwa nusu. Iweke ile ya juu mahali pa wazi, kimo cha kabati, si nyuma ya televisheni wala ndani ya droo.

Kuhusu nguvu ya antena: waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ukiipandisha ruta, simu itaonyesha mistari yote minne, lakini simu yenyewe ina antena ndogo na betri ya kutunza, jibu lake halifiki. Ni kama shehe aliyeko msikitini na kipaza sauti: mtaa mzima unamsikia, yeye hakusikii ukimjibu kutoka dirishani. Mwenye ruta mbili kama wewe hata anapata faida akishusha ya chini mpaka kiwango cha kati, ili simu iliyoko juu isiendelee kuing'ang'ania.

DNS ni kitabu cha namba tu. Inatafsiri jina la tovuti kuwa anwani mwanzoni, kisha inakaa pembeni. Kubadilisha kuwa 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kunaweza kuharakisha kufunguka kwa ukurasa wa kwanza, hakuongezi hata kilobiti moja kwenye video. Sababu nzuri ya kuibadilisha ni watoto: 1.1.1.3 ya Cloudflare inazuia tovuti za ngono na zile zenye programu hasidi. Iweke kwenye kisanduku cha sebuleni ili imhusu kila aliyeunganishwa. Mtoto mjanja ataikwepa, lakini wa miaka minane hatakutana na kitu kwa bahati mbaya.

Tumebaki na kamera. Anwani za IP za kizamani zimekwisha duniani, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungua ukurasa wa hali wa kisanduku cha faiba usome anwani ya WAN, kisha kwenye kivinjari tafuta tovuti ya kuonyesha IP yako. Zikilingana, una anwani yako mwenyewe. Zikitofautiana, hasa ile ya kwanza ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unachangia na wenzako, na hata ungefungua milango yote ya ruta yako, anayekuja kutoka nje anaishia kwenye mlango wa kampuni. Ndiyo maana nasema DMZ haikusaidii.

Na ikiwa anwani ni yako, ndiyo usiifungue zaidi. DMZ inakitoa kifaa kimoja nje ya ukuta na kukiacha kwenye intaneti nzima kikiwa mtupu. Kamera ndizo zilizojaza jeshi la Mirai mwaka 2016: vifaa vilivyokuwa bado vinatumia maneno ya siri ya kiwandani vilitekwa na kutumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, Oktoba 21, mpaka tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Wenye kamera wengi hawakuwa na habari.

Njia ya kawaida kwako ni programu ya kamera yenyewe. Unaskani msimbo ulioko ubavuni, kamera inaanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda kwa seva ya mtengenezaji, simu yako nayo inakutana nayo hukohuko, bila kufungua mlango wowote. Wakati wa kuiunganisha, simu iwe kwenye 2.4 GHz kwa sababu kamera nyingi za bei ya kati hazijui 5. Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo, na uiweke kamera kwenye waifai ya wageni iliyoundwa kwenye kisanduku cha sebuleni. Ya wageni kwenye ruta iliyo katika modi ya AP mara nyingi haiwatengi wageni na mtandao wako, ingawa jina linasema hivyo. Njia nyingine ni kuweka VPN yako mwenyewe nyumbani, kama WireGuard, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje, lakini inadai anwani ya umma, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa kwake. Kwa kamera moja ya getini sioni haja.

Ukiwa humo ndani ya mipangilio, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN, kwenye ruta zote mbili. PIN yake ya tarakimu nane inakaguliwa nusu kwa nusu, kama Stefan Viehböck alivyoonyesha mwishoni mwa 2011, kwa hiyo anayebahatisha ana majaribio 11,000 tu ya kufanya badala ya mamilioni. Usalama wa waifai chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja, au WPA2 yenye AES kama kuna kifaa cha zamani kinagoma. Zima usimamizi wa ruta kutoka nje. Neno la siri la kuingilia kwenye ruta lisiwe admin, na lisifanane na la waifai. Kuficha jina la waifai na kuchuja vifaa kwa namba za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, usijisumbue: la kwanza halimzuii anayejua, na la pili litakusumbua wewe, kwa kuwa simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 hutumia MAC ya kubuni. Vilivyobaki kwenye ukurasa ule, yaani MTU, kizingiti cha RTS, muda wa biikoni na ndugu zao, viache kama ulivyovikuta.

Fanya modi ya AP Jumamosi asubuhi, chaneli baada ya hapo, kuzuia simu zisihifadhi picha jioni yake, kimoja kimoja, ili ujue kipi kimeleta nini. Kama Jumatatu saa mbili usiku kikao bado kinaganda, niandikie namba tatu: kasi kwa kebo usiku huo, milisekunde za ping mtu akiwa anapakia, na modeli iliyoandikwa chini ya kisanduku cha faiba. Kwa hiyo ya tatu nitajua kama kampuni yako inaweza kukigeuza kiwe daraja tu, kipitishe intaneti bila kuigawa, ruta ya Kariakoo ishuke chini ichukue ubosi na QoS yake, na juu tuweke kituo kingine cha bei ndogo.